Mama Studio na Vichwa vya Treni

Mama Studio hakupiga picha kichwa cha treni kilichosimama. Ungeweza kumpeleka mpaka karakana, ukamwonyesha kichwa kimeoshwa kinang'aa, jua zuri, hakuna wa kumsumbua, naye angekizunguka polepole, akakiwekea kiganja ubavuni, kisha akafunga mkoba wa kamera. "Huyu amelala," angesema. "Akiamka mniite."

Naomba nieleze, maana si kila mtu amekaa karibu na reli. Kichwa cha treni ni ile injini ya mbele inayovuta mabehewa. Kikienda kitupu hupita kama mtu aliyetoka kutembea tu, hana haraka wala mawazo. Lakini kikivuta saruji kutoka Tanga kwenda bara, kikafika pahala pa kupanda, hubadilika. Sauti inashuka, moshi unatoka mzito, na wewe uliyesimama kando unaihisi ardhi ikitetemeka mpaka kwenye magoti. Mama Studio aliitaka dakika hiyo na si nyingine. Alisema mtu ukitaka kuujua uso wake, mwangalie akiwa amebeba kitu.

Vile vichwa vya zamani alivyovipenda vilikuwa vinaondolewa kazini kimoja kimoja. Kikiharibika hakikutengenezwa tena. Kilivuliwa vipuri ili kingine kipate kutembea, kikasukumwa kwenye njia ya pembeni nyasi zikakiotea, na siku moja mafundi wakaja na mitungi ya gesi wakakikata vipande vya chuma chakavu. Kwa hiyo alikuwa anakimbizana na kitu kinachopungua. Sisi majirani tulimwona mama mtu mzima wa buibui na raba miguuni, anapanda bajaji na mkoba begani kama aliyeitwa msibani, na wengi walicheka. Mimi pia nilicheka, mpaka siku aliponiambia nimshikie mwavuli ili kamera isipigwe na jua. Tangu hapo nilikwenda naye kila nilipokuwa sina kipindi darasani.

Studio yake ilikuwa Usagara, hapa Tanga mjini, mlango wake ukitazamana na wangu. Ukiingia kwa mara ya kwanza ungeshangaa. Studio za picha hujaa picha ukutani, za watoto na wanandoa na wahitimu. Ya kwake ilikuwa na kuta tupu, pazia la bluu, kiti, na kioo cha kutengenezea nywele. Sababu yake ilikuwa kazi iliyomlisha. Mama Studio alipiga picha harusi upande wa wanawake. Huko ndani wanawake wamevua mabuibui, wamepambwa hina mpaka kwenye viwiko, wanacheza na kucheka wapendavyo, na hakuna mwanamume wa nje anayeruhusiwa kuwaona. Familia ikimpa ruhusa mpiga picha kuingia humo, imempa kitu kikubwa. Yeye alipiga, akachapa mwenyewe, akampelekea bibi harusi mkononi, kisha akafuta. Hakubakiza hata moja. "Picha ni ya aliyemo," alikuwa akisema, na alilisema kwa sauti ile ile ambayo watu wengine husemea kwamba kesho ni Jumanne.

Kanuni hiyo aliipeleka mpaka kwenye reli. Picha ya kichwa cha treni aliihesabu kuwa ni ya dereva wake. Aliichapa kubwa, akaituma nyumbani kwa dereva, naye hakubaki nayo. Nilimwambia mara nyingi, "Mama, hizi zingewekwa pamoja watu wazione, wanafunzi wangu wangejifunza." Alinitazama kama nimemwomba anionyeshe chumba cha kulala cha watu. "Waende kwa wenyewe wakabishe hodi," alisema. Na kweli, ukipita nyumba za madereva, Tanga, Muheza, mpaka Korogwe, utazikuta sebuleni, kati ya picha ya harusi na saa ya ukutani: kichwa cha treni kinapanda, taa zimewaka, dereva ametoa kiwiko dirishani.

Mtu mwingine angemwona mpole kwa hadithi hiyo. Hakuwa mpole. Aliwaliza mabibi harusi. "Kidevu hicho kishushe, unaolewa, hugombani," alimwambia mmoja mbele ya mashangazi zake. Mwingine aliyekuwa anatabasamu sana alimwambia, "Punguza. Watu watafikiri ulikuwa umekata tamaa." Lakini kichwa cha treni kikichelewa, kikaja kimechoka, kimejaa vumbi jekundu na masizi, alikisemesha kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwa binadamu: "Njoo, baba. Njoo taratibu. Hivyo hivyo."

Na hakuwahi kupanda treni. Hata mara moja. Alisema ukiwa ndani huioni.

Sasa utauliza alijuaje treni itapita lini. Treni ya mizigo haina ratiba ya kubandikwa ukutani kama basi. Inaondoka mzigo ukiwa tayari na kichwa kikiwa kizima, na hayo mawili hayakutani kila siku. Stesheni wenyewe walikuwa wakimwambia "labda kesho". Lakini dereva akiitwa kazini, mkewe anamfungia chakula. Na wake za madereva karibu wote Mama Studio aliwapiga picha siku walipoolewa. Kwa hiyo simu yake ilikuwa inalia hivi:

"Shikamoo, Mama. Huyu bwana kaniambia nimfungie wali na samaki wa kukaanga."

"Marahaba. Wali? Si chapati?"

"Wali, Mama."

"Basi anakwenda mbali. Leo hii?"

"Mchana huu. Na umwambie mwalimu asivae ile kofia yake, mume wangu alicheka mpaka Muheza."

Chapati na chai ya chupa maana yake dereva alikuwa anasogeza mabehewa bandarini tu, atarudi jioni. Wali maana yake Korogwe na kupita. Mke akipika mihogo ya nazi, alinifundisha Mama Studio, basi hao wawili wamegombana jana na sasa mke anatafuta suluhu, usiitegemee hiyo kuwa dalili ya kitu.

Ikafika siku ambayo katika vichwa vya aina ile ya zamani alibaki mmoja tu anayevuta. Wengine wote walikuwa wamelala. Huyo mmoja Mama Studio alikuwa hajampata, si kwa kukosa kujaribu. Mara mvua, mara aliharibikia njiani kabla hajafika tuliposimama, mara alipita usiku. Kila alipomkosa aliongeza ukimya kidogo. Dereva wake alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za mvi, anayekaribia kustaafu, na yeye pia aliitaka picha hiyo kuliko alivyokuwa tayari kusema.

Jumamosi moja kulikuwa na harusi mjini, na Mama Studio alikuwa ndani na kamera yake. Mke wa yule dereva alikuwa mmoja wa waalikwa. Katikati ya ngoma alimvuta pembeni akamwambia kwamba Jumatatu mumewe anapeleka mzigo wa mwisho na kichwa kile. Akirudi, kinazimwa. Walikuwa wameshaambiwa. Kwa mdomo wa mkewe, wakapatana: dereva akifika kona ya kabla ya daraja dogo, upande wa kuingia Muheza, atapiga honi ndefu, naye Mama Studio awe juu ya tuta la reli, jua likiwa mgongoni mwake.

Jumatatu asubuhi simu ililia mapema kuliko tulivyodhani. Mzigo ulikuwa umewahi. Mama Studio alitoka studio haraka, mkoba begani, na hakubadilisha kadi ya kamera. Ile kadi ndogo inayohifadhi picha ilikuwa bado na harusi yote ya Jumamosi, hajaichapa, hajaifuta. Miaka yote niliyomjua alikuwa na kadi ya ndani ya nyumba na kadi ya njiani, na hakuwahi kuzichanganya. Siku hiyo zilichanganyika.

Tulifika darajani kungali na muda. Alipanda tuta, akapiga picha moja ya daraja kupima mwanga. Akaitazama, akaguna kuonyesha kuridhika. Ndipo mlinzi wa njia alipotokea chini ya daraja.

Hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke. Alikuwa kijana mgeni, ametoka mikoa ya mbali, na alisalimia kwa adabu. "Shikamoo, mama. Mnapiga picha ya nini hapa?"

"Ya treni," alisema Mama Studio. "Mkuu wa stesheni ananijua."

"Mimi hajaniambia. Mna kibali?"

Kibali chake miaka yote kilikuwa cha mdomo. Mlinzi alimpigia mkuu wa stesheni, simu haikupokelewa. Akatueleza, bila ukali, kwamba siku za karibuni watu walikuwa wanafungua bolti za daraja wakauze chuma, na mkubwa wake alishamwonya juu ya mtu yeyote anayezungukazunguka na kamera. "Nionyeshe tu ulichopiga, mama, halafu urudi pale pale juu. Sina ubaya na wewe."

Mama Studio alimwonyesha picha ya daraja. Naye mlinzi akasema kile ambacho mlinzi yeyote angesema: "Rudisha nyuma."

Nilimwona Mama Studio akiweka kiganja juu ya kioo cha kamera. Hapo ndipo nilipojua kilichokuwa kwenye kadi, kwa namna vidole vyake vilivyokaza.

"Kuanzia hapa, hapana," alisema.

"Kwa nini?"

"Ni wanawake. Ni harusi, ndani. Hawajajifunika."

"Nitaangalia haraka haraka tu."

"Haraka si kuangalia?"

Kijana alitupa jicho darajani. Nadhani alimwamini nusu. Nusu nyingine ilikuwa inafikiria bolti. "Basi zifute zote," alisema. "Ukizifuta, mimi nimemaliza. Piga treni yako."

Huo ulikuwa mlango uliofunguliwa, na aliuona. Alishusha macho kwenye kamera. Kufuta kila kitu ni kubonyeza mara mbili tu. Kadi ingebaki tupu, kungekuwa na nafasi, jua lilikuwa mgongoni, na kwa mbali, upande wa Pongwe, kulikuwa kumeanza kusikika kitu ambacho kwa mtu mwingine kingekuwa upepo. Niliomba kimya kimya abonyeze. Sikumjua yule bibi harusi.

"Harusi ya mtu hairudiwi," alisema. "Huna mwanamke kazini kwenu?"

Alikuwepo mmoja, mlinzi wa kike, stesheni ya Muheza. Kijana alimpigia, akamwambia aje kukagua kamera, kuna mama amekataa. Kisha akatuingiza kwenye kibanda chake cha mabati kando ya reli, akaiweka kamera mezani, naye akasimama mlangoni. Nilijitolea mimi niangalie, ni mwanamke na ni mwalimu. "Wewe si mmekuja pamoja?" alisema, na alikuwa na haki.

Sauti ilikua. Mama Studio alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, macho kwenye kamera ambayo ilikuwa mbele yake kiasi cha kunyoosha mkono. Hakunyoosha. "Kabeba kweli leo," alisema kwa sauti ya chini. "Msikie."

Kisha honi ikalia, ndefu, kwenye kona.

Mlinzi aligeuka akamtazama. "Mama, toka basi umwone. Kamera ibaki, lakini toka umwone."

"Nimwone na mikono mitupu nifanye nini?"

Mimi nilitoka. Nilikiona kichwa kikija juu ya tuta, cheusi kwa masizi, moshi umelala nyuma juu ya mabehewa, mataruma yanayoshikilia reli yakipiga chini yake, na dereva ametoa mwili mpaka kifuani dirishani. Alikuwa anaangalia juu ya tuta, pale walipopatana. Alipiga honi tena. Nilipunga mikono yote miwili, nikaruka, lakini macho yake yalikuwa kwingine. Mabehewa yakaanza kupita, moja baada ya jingine, na nilibaki nimesimama mpaka la mwisho, kwa sababu sikutaka kurudi kibandani.

Mlinzi wa kike alifika baada ya hapo, anakuja kwenye njia ya mashamba kwa mwendo wa kawaida, na Mama Studio alimwona kupitia mlango akija hivyo. Walikwenda wawili nyuma ya kibanda. Walikaa kitambo. Binti aliporudi alimrudishia kamera kwa mikono miwili, akamwambia mwenzake, "Ni harusi. Hakuna kingine." Hakueleza zaidi, wala hakuinua uso.

"Samahani, mama," alisema kijana.

Mama Studio aliitikia kwa kichwa. Kwenye bajaji ya kurudi alisema neno moja tu, karibu na Pongwe: "Anatembea. Treni inapita, yeye anatembea."

Dereva alikuja studio wiki ile ile. Hakuketi. "Nilipiga honi, Mama."

"Nilikusikia."

"Nilikuangalia kote."

"Nilikuwepo."

"Wapi?"

"Pale pale."

Alinitazama mimi, nami nikatazama sakafu, maana nilikuwa nimekatazwa. Mama Studio alikuwa ameniambia kwamba habari ya kamera kushikwa ikitoka, hakuna mama wa bibi harusi Tanga nzima atakayelala usingizi. Kwa hiyo dereva hakujua kwamba mmoja wa wanawake waliokuwa kwenye kadi ile alikuwa mkewe. Akasema, kwa kujikaza, kwamba kichwa kipo karakana, bado hakijaguswa, anaweza kumwombea nafasi aje.

"Amelala," alisema Mama Studio. Dereva akavaa kofia yake akatoka.

Harusi ile aliichapa na kuipeleka. Kisha aliifunga kamera kwenye kitambaa, akasema amemaliza, macho yamechoka. Macho yake yalikuwa mazima, alikuwa anaona bei ya nyanya kutoka upande wa pili wa barabara. Aliifunga studio akahamia Pangani kwa binti yake. Nilimtembelea kila likizo. Tuliongea juu ya kila kitu isipokuwa reli. Mara moja tu nilijaribu kusema kwamba yule mlinzi wa kike hakuwa na kosa. "Sikusema ana kosa," alinijibu. "Nilisema alitembea."

Karibu mwaka ulipita. Alasiri moja, mtu alikuwa anabisha kwenye mlango wa studio iliyofungwa, na nilipotoka nilimkuta binti amevaa buibui, ananitazama kwa wasiwasi. Sikumtambua mpaka aliposema. Alikuwa yule mlinzi, bila sare. Anaolewa, alisema, na anamtafuta Mama Studio. Nilimwambia kwamba mama ameacha kazi, na kwamba, nimwambie ukweli, hamtaji kwa wema. Alifikiri, akasema, "Nipeleke hivyo hivyo."

Tulimkuta Pangani kibarazani, anachambua mchele. Alimtambua binti kabla mimi sijafungua mdomo. Wapiga picha hawasahau sura. Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Binti alibaki amesimama. "Naolewa. Nimekuja kukuomba unipige, upande wa wanawake."

"Wapiga picha wamejaa mjini."

"Simjui mwingine aliyekataa," alisema binti. "Mimi niliziona zile picha, Mama. Nilijua ulikuwa unaficha nini, na nilijua ulikuwa unakosa nini, yule kaka wa kibandani alinieleza kwenye simu. Nataka zangu ziwe kwako."

Mama Studio alirudi kwenye mchele. Alitoa jiwe moja, akalitupa uani, akatafuta jingine. Mwishowe alisema, bila kuinua macho, "Siku ile ungekimbia kidogo tu, ningempata."

"Nilikimbia, Mama."

Ungo ukatulia.

"Bodaboda iliniacha barabarani, kule chini hakipiti chombo. Nilivua viatu nikakimbia. Treni ilinipita nikiwa kwenye shamba la mihogo, naiona hivi, behewa kwa behewa. Baada ya hapo ndiyo nikatembea."

Mjukuu alilia ndani, akanyamazishwa. Mama Studio alimtazama yule binti kwa muda mrefu, kuanzia miguuni kupanda, kama alivyokuwa akiwatazama wote waliowahi kukaa kwenye kiti chake mbele ya pazia la bluu. Akauweka ungo chini.

"Kaa," alisema. "Nyumba ya kwenu imeelekea wapi? Nataka nijue jua la asubuhi linaingilia dirisha gani."